Unene wa kibao cha chini ya daraja, na mataruma yanayokizunguka

Kabla hujashika randa, tafuta kioo kidogo cha kunyolea ndevu na tochi ya simu. Chukua gitaa kavu lolote la nyuzi za chuma lililo karibu nawe, legeza nyuzi mpaka mkono upite, kisha ingiza kioo kwenye tundu la sauti na kukielekeza juu, sehemu iliyo chini ya daraja. Utaona matundu sita yamepangwa mstari, na kwenye kila tundu kishanga cha shaba kilichofungwa mwishoni mwa uzi kimekwama. Vishanga hivyo havikai kwenye mbao laini ya uso wa gitaa. Vinakaa kwenye kibao chembamba cha mbao ngumu kilichogundishwa upande wa ndani. Pande zake mbili zimepita mbao ndefu zilizokatana kama herufi X.

Mafundi wa majahazi huziita mbavu za chombo mataruma. Nimeliazima neno hilo kwa sababu kazi ni ileile: ganda jembamba linabebwa na mbao zilizosimama kwa ubavu ndani yake. Hapa nitasema taruma kwa kila mbao ya kukazia uso, msalaba kwa yale mawili makubwa yanayokatana, na kibao kwa kile kilicho chini ya daraja. Mafundi wapya huniuliza unene wa kibao kana kwamba ni swali linalosimama peke yake. Halisimami peke yake. Makosa mengi niliyoyaona, na mengine niliyoyafanya kwa mikono yangu, yalitokana na kukipa kibao kazi ya mataruma.

Tuanze na mzigo wenyewe. Seti nyepesi ya nyuzi za chuma, ile ambayo uzi wa kwanza una unene wa inchi 0.012, ikikazwa hadi sauti yake sahihi huvuta kwa nguvu ya kilo 75 hivi. Huo ni mfuko mmoja na nusu wa saruji, usiku na mchana, kwa miaka yote gitaa litakayoishi. Nyuzi za nailoni huvuta karibu nusu ya hapo, ndiyo maana vipimo vya gitaa la nailoni havifai hapa. Mvuto huo haulielekei daraja moja kwa moja. Nyuzi hupita juu ya mfupa wa daraja, milimita 12 au 13 juu ya uso, kwa hiyo zinalipindua daraja kuelekea shingoni: ukingo wa nyuma unanyanyuka, wa mbele unadidimia. Gitaa la zamani lenye kitambi nyuma ya daraja na shimo mbele yake limeshindwa na mzunguko huo.

Je, nani anayeuzuia? Mistari ya mbao ya uso, ambayo inaelekea upande mmoja na nyuzi, na miguu ya msalaba inayopita chini ya ncha za daraja. Kibao kinachangia kidogo sana, kwa sababu mistari yake imelala kwa upana wa gitaa, imekingama na mvuto wa nyuzi. Chukua kipande cha mbao chenye unene wa milimita 3, jaribu kukikunja kwa urefu wa mistari, halafu ukikunje kwa kuikata. Mikono yako itakueleza tofauti. Fundi anayeongeza unene wa kibao ili kuzuia kitambi anaongeza uzito mahali ambapo gitaa linahitaji wepesi kuliko mahali pengine popote, na kitambi kinakuja vilevile, pengine mwaka mmoja baadaye.

Kazi halisi ya kibao ni kushika vishanga. Mbao ya sprusi, ile ya uso, ni laini kiasi kwamba kucha inaacha alama. Kishanga kikivutwa dhidi yake kingejichimbia na kutokeza ndani ya daraja baada ya muda mfupi. Kwa hiyo kibao kinahitaji ugumu wa kutosha upande wa chini, unene wa kutosha kisipasuke kati ya tundu na tundu, na basi. Kwa mbao ya mepo, ile ngumu ya Amerika ya Kaskazini ambayo viwanda vingi vimeitumia, milimita 2.5 zinatosha. Nimeshuka hadi 2.2 kwa gitaa dogo la kupigwa kwa vidole na halijanirudia. Chini ya 2 sishauri. Juu ya 3, jiulize unaogopa nini.

Upana wa kibao kutoka mbele kwenda nyuma uwe milimita 35 au zaidi kidogo. Angalia ukingo wake usilingane na ukingo wa daraja. Vikilingana, uso unabaki na mstari mmoja ambako ugumu unaisha ghafla juu na chini kwa pamoja, na ufa hupenda kuanzia hapo. Kitokeze milimita 3 au 4 nyuma ya daraja na kiasi kama hicho mbele. Upande wa kushoto na kulia kifike hadi kwenye miguu ya msalaba na kuigusa. Nafasi tupu kati ya kibao na taruma, hata ikiwa ya upana wa kucha, ni sehemu nyembamba iliyobanwa na sehemu mbili ngumu, na huko ndiko uso hukunjika. Mimi huchonga kingo hizo kwa kuzijaribu mara tano au sita, nikipaka chaki kwenye taruma na kuangalia ilikogusa. Ni kazi ya nusu saa, usiiharakishe.

Mistari ya kibao nayo ina siri yake. Matundu sita yamepangwa mstari. Ukilaza mistari ya mbao sambamba na mstari huo, umetoboa matundu sita kwenye mshipa mmoja, na vigingi vya kubania nyuzi, vyenye umbo la kabari, vinasukumwa humo kila nyuzi zinapobadilishwa. Kibao kitapasuka kuanzia tundu la kwanza hadi la sita kama kuni. Izungushe mistari nyuzi 15 au 20 za duara kutoka mstari wa matundu, ili kila tundu liwe kwenye mshipa wake.

Sasa nizungumzie mpingo, maana hapa ndipo fundi wa Afrika Mashariki anajaribiwa. Mpingo tunao. Vipande vinavyobaki kwa wachonga vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, vinatosha vibao vya magitaa mengi, na dunia nzima inausifu mti huu kwa klarineti na obo. Ni ndugu wa damu wa miti ya rozwudi inayotengenezea madaraja ya magitaa. Mtu anajiambia: kama ni ugumu, nani atamshinda mpingo? Hivyo ndivyo nilivyojiambia mimi. Gitaa langu la tatu nililitia kibao cha mpingo chenye milimita 4. Lilitoka zuri machoni. Ukilipiga, sauti ilikuwa kali mwanzoni kisha inakatika, noti za chini hazina kina, na mwenye gitaa aliniambia kwa upole kwamba anahisi kama anapiga meza.

Ilinichukua jioni mbili kukitoa kibao kile kupitia tundu la sauti, kwa kipande cha chuma kilichopashwa moto, kitambaa chenye maji na kisu butu chembamba, na niling'oa nyuzinyuzi kadhaa za sprusi pamoja nacho. Nilikiweka kwenye mizani: gramu 30. Kibao cha mepo nilichoweka mahali pake, chenye urefu wa milimita 180, upana wa 35 na unene wa 2.5, kilikuwa gramu 11. Hesabu haina uchawi: mepo ngumu ina uzito wa gramu 0.7 hivi kwa sentimita ya ujazo, mpingo 1.2 au zaidi. Uso wa gitaa hutikiswa na nguvu ndogo ya kidole kimoja. Gramu 19 zilizobandikwa katikati ya mtikisiko huo ni mzigo ambao kila noti inaubeba. Nyuzi ziliporudi, lile gitaa lilianza kushikilia sauti, na besi ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ndani yake ikatoka.

Lakini mpingo una nafasi yake. Kata ukanda wa urefu wa milimita 70, upana wa 12 na unene wa 1, uugundishe upande wa chini wa kibao chepesi, palepale vishanga vinapokaa. Uzito wake ni gramu moja. Unapata ugumu mahali unapohitajika na wepesi kila mahali pengine. Hapo hata kibao chenyewe waweza kukitengeneza kwa mninga, ambao hautikiswi sana na unyevu na ni mwepesi kuliko mepo kidogo. Mimi hukiacha kwenye milimita 2.8. Ukipiga msasa mpingo funika pua na mdomo, vumbi lake linawasha kifua.

Yaliyonipata mimi kwa gitaa moja yalikipata pia kiwanda kikubwa. Kampuni ya C.F. Martin ilianzishwa mwaka 1833 mjini New York na fundi aliyetoka Ujerumani, kisha ikahamia Nazareth, Pennsylvania, na msalaba wa X uliwekwa kwenye magitaa yake tangu miaka ya 1840, wakati nyuzi zilikuwa bado za utumbo. Nyuzi za chuma zilipotawala, katika miaka ya 1920 na 1930, magitaa yake yalikuwa na kibao kidogo cha mepo na mataruma yaliyochongwa mabonde. Mwaka 1944 mabonde yaliachwa, kwa kuwa wapigaji walikuwa wakifunga nyuzi nene na nyuso zinavimba. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kibao cha mepo nacho kikaondolewa, kikawekwa cha rozwudi, kikubwa zaidi. Magitaa hayo yalikuwa imara. Wapigaji hawakuacha kuyatafuta yale ya zamani kwa bei kubwa, na mwaka 1976 kampuni yenyewe ikatoa gitaa la HD-28, lenye mabonde na kibao kidogo cha mepo. Mwaka 1988 kibao kidogo kikarudi kwenye magitaa yake ya kawaida. Miaka 20 hivi ya kwenda na kurudi kwa ajili ya kipande cha mbao kisichozidi kiganja. Fundi mwenye banda dogo hana haja ya kuirudia safari hiyo.

Tukubaliane basi kwamba kibao ni chepesi, na uimara uutafute kwenye mataruma. Hapa kuna kanuni moja ambayo ningependa kila mwanafunzi aiandike ukutani: ugumu wa taruma unakwenda kwa kimo mara kimo mara kimo, ila kwa upana wake mara moja tu. Taruma la kimo cha milimita 16 ukilipunguza hadi 14, umepoteza theluthi moja ya ugumu, ingawa kwa macho hukuondoa kitu, na uzito umepungua moja ya nane tu. Ukiacha kimo na kupunguza upana kutoka 8 hadi 6, umepoteza robo ya ugumu na robo ya uzito. Kwa hiyo kimo kiguse kwa heshima. Pembe za mgongo zichonge kwanza, ziwe mviringo, ndipo ushushe kimo, mpapuro mmoja baada ya mwingine.

Mbao ya taruma ipasue kwa patasi na nyundo, usiianze kwa msumeno. Mbao ikipasuka inafuata nyuzinyuzi zake yenyewe, na taruma lako litakuwa na nyuzinyuzi nzima kutoka ncha hadi ncha. Msumeno unaweza kuzikata kwa mshazari bila wewe kujua. Pete za mwaka zisimame wima taruma likiwa limekaa kwenye uso. Chukua kipande, kishike kwenye mwanga, kinuse hata, ukikunje kidogo. Vipande viwili vya sprusi kutoka mti mmoja havilingani, na ndiyo sababu vipimo ninavyokupa ni vya kuanzia tu. Uso milimita 2.8 hadi 3. Msalaba upana 8, kimo 16 pale unapokatana. Mataruma mawili ya mshazari nyuma ya daraja, upana 7, kimo 12. Vitaruma vya pembeni 6 kwa 8. Lile la kukingama juu ya tundu la sauti liache nene, upana 11 na kimo 17, kwa sababu linapambana na shingo na halina mchango mkubwa kwenye sauti. Wala usipoteze muda kulipamba.

Mahali pa msalaba ndipo kibao na mataruma vinapokutana kihesabu. Pachore ili ncha za daraja zipite juu ya miguu yake. Mwili mdogo na daraja fupi vinahitaji miguu iliyokaribiana zaidi. Ukiusogeza msalaba mbele karibu na tundu la sauti, kama Martin walivyofanya kabla ya 1939, eneo la nyuma linakuwa huru na besi inaongezeka, lakini miguu inapita mbali zaidi na katikati ya daraja, kibao kinarefuka, na uso unabaki na msaada mdogo. Kwa gitaa la kwanza, uache msalaba milimita 38 hadi 40 nyuma ya tundu.

Unapokata maungio ya X, kila taruma linapoteza nusu ya kimo. Nusu ya kimo ni moja ya nane ya ugumu. Lile ambalo mdomo wa kata yake unaangalia ndani ya sanduku limebaki dhaifu, hivyo lifunike kwa kipande cha sprusi cha urefu wa milimita 40, au kitambaa kilicholoweshwa gundi kama walivyofanya wazee. Niliwahi kupokea gitaa lililokuwa linavuma kwenye noti moja tu, kama nyuki ndani ya chupa. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha nyuzi mara nne. Kioo kilionyesha ungio lisilofunikwa, limefunguka kwa unene wa karatasi.

Swali la nani atalipiga gitaa linapaswa kuja kabla ya mpapuro wa mwisho. Mtindo wa vidole viwili, gumba na cha shahada, uliojulikana Katanga, Kongo, kupitia mpigaji Jean-Bosco Mwenda aliyerekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, na ambao wapigaji wa magharibi ya Kenya waliukuza kwa namna yao, hauhitaji uso wa kubeba kishindo. Unahitaji uso unaojibu haraka kidole kikigusa. Kwa mpigaji wa namna hiyo nashusha msalaba hadi 14, nachonga bonde jepesi kati ya kibao na ncha ya taruma, na namwandikia kwenye karatasi kwamba asifunge nyuzi nzito kuliko 12. Kwa mwimbaji wa kanisani anayekwaruza nyuzi zote kwa nguvu kila Jumapili, naacha 16 bila bonde. Kibao ni kilekile kwa wote wawili.

Gundi isiingie hadi mbao ziwe zimekauka. Hili kwa mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Tanga ni kubwa kuliko yote niliyosema. Uso unatanuka na kusinyaa kwa upana, mataruma na kibao vilivyokingama havinyumbuki nao. Ukigundisha wakati hewa ina unyevu wa asilimia 80, kisha gitaa likahamia Dodoma au Nairobi wakati wa kiangazi, uso utataka kusinyaa, mataruma yatakataa, na mbao itapasuka. Lenga asilimia 45. Kama huna mashine ya kukausha hewa, tengeneza sanduku la mbao lenye kifuniko na balbu ya wati 60 inayotoa joto, weka kipima unyevu ndani, laza uso, mataruma na kibao humo kwa siku tatu nne, kisha gundisha vikiwa vimetoka humo muda uleule. Balbu za kisasa zisizo na joto hazifai.

Kwa kubana, huhitaji klampu za bei kubwa. Fito za mianzi zilizopasuliwa, ndefu kidogo kuliko nafasi kati ya meza na ubao uliofungwa juu yake, zikikunjwa na kusimamishwa juu ya taruma zinabana sawasawa kote. Kibao kibane juu ya kitanda kilekile unachogundishia mataruma, kilichochimbwa mduara wa uso. Mduara wa mita 8 unatoa bonde la nusu milimita katika urefu wa kibao, na kibao cha 2.5 kinalifuata bila ugomvi. Kile changu cha mpingo cha milimita 4 kilikuwa kinapigana na gundi tangu siku ya kwanza.

Ukitoboa matundu ya vigingi, kaza kipande cha mbao ndani, chini ya kibao, ili keekee ising'oe nyuzinyuzi inapotokea upande wa pili. Anza na tundu la milimita 5, kisha litanue kidogokidogo kwa kifaa chenye umbo la kigingi.

Kabla hujafunga nyuzi, bandika kijiti chepesi kilichonyooka juu ya daraja kwa gundi ya karatasi, kielekee mkiani, urefu milimita 200 kutoka darajani. Pima umbali kati ya ncha yake na ukingo wa gitaa, ambao hausogei. Funga nyuzi, kaza hadi sauti sahihi, acha usiku kucha, pima tena. Ncha ikiwa imepanda milimita 6 hadi 8, daraja limezunguka nyuzi mbili hivi za duara, na hapo ndipo ninapopataka. Ikipanda 3 tu, uso umekazwa mno: legeza nyuzi, ingiza mkono wenye kipande cha msasa, punguza mataruma mawili ya nyuma kwanza, msalaba mwishoni. Ikipita 10, funga nyuzi nyepesi na kubali kwamba gitaa linalofuata litaanza na taruma refu zaidi.

Kisha rudi na kioo chako. Kila kishanga kikae ubavuni mwa kigingi, kimebanwa bapa dhidi ya kibao, kisining'inie kwenye ncha ya kigingi. Uvute uzi juu kwa mkono mmoja huku ukisukuma kigingi kwa gumba la mwingine mpaka usikie umegota. Baada ya wiki tatu, tazama tena. Alama hafifu ya duara kwenye kibao ni ya kawaida. Alama yenye kina cha zaidi ya milimita moja, au sehemu nene ya uzi yenye msokoto mara mbili ikionekana imepanda hadi kwenye mfupa wa daraja, ina maana kibao kinaliwa. Toa nyuzi siku hiyohiyo, gundisha ule ukanda wa mpingo wa milimita moja, uutoboe kutokea juu ukifuata matundu ya zamani, na kibao chembamba ulichokiweka kitaendelea na kazi yake.